Pasi ya Mkaa, Barabara ya Kumi na Nne

Koti hili jeupe ni la Shekimweri, wa maabara ya Bombo.
Hulileta kila Ijumaa, kola imekula jasho,
na kila Ijumaa husahau kitu mfukoni:
kalamu, risiti, njugu mbili.
Safari hii karatasi. Herufi tatu na tarakimu:
H, S, F, moja.
Nikadhani namba ya gari.

Akacheka, akavuta kigoda
(mbali kidogo na pasi, si mjinga),
akasema: hiyo ni jeni, Mbaruku, unayo mwilini,
nakala ya mama na nakala ya baba.

Sikiliza basi nilivyoelewa mimi, mtu wa pasi.

Ndani ya seli mna nguo zisizohesabika,
protini, anaziita,
na kila moja ina mikunjo yake.
Ikikunjwa sivyo haifai kitu,
kama suruali ya mwalimu
yenye mistari miwili mguu mmoja.
Joto likizidi mikunjo inafumuka,
zinasokotana, zinagandana.
Ute wa yai ukishakuwa mweupe
nani aliwahi kuurudisha?

Lakini wapo makungwi.
Jina hilo nimewapa mimi, yeye ana lake la kitabuni.
Siku za baridi kazi zao ni chache,
wamekaa na huyu H wamemshika mkono:
tulia, hakujaungua kitu.
Jua likiwaka wanamwachia,
wanakimbilia waliofumuka,
naye anaamka.
Haendi peke yake. Wanaungana watatu watatu,
wanaingia chumba cha ndani kwenye daftari la ukoo,
wanafunua ukurasa ule ule:
waongezwe makungwi.
Wanaongezeka. Wanakunja upya,
kisichokunjika kinatolewa kikatupwe.
Hata wakitosha, mmoja wao hurudi
akamshika H mkono.
Tulia.

Mkaa ukalia ndani ya pasi.
Nikauliza, hakuna mnyapara?
Hakuna.
Sasa anajuaje kuwa kuna moto?

Anajua kwa kuachwa, akasema Shekimweri,
na akaendelea na njugu zake.

Mimi sikuendelea.
Mwaka baba alipoanguka kwenye tanuri la chokaa, Pongwe,
mama aliacha pasi juu ya meza, bado ya moto,
akakimbilia Bombo, akalala huko siku ishirini.
Nguo za watu zilikuwa pale.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Tukasimama mimi, Salehe na Kibibi,
mmoja anapepea mkaa,
mmoja anapuliza maji kwa mdomo,
mmoja amepanda ndoo ili afike.
Tuliunguza shuka moja tu. Ya imamu.

Mama aliporudi hakunishika mkono.
Aliiinua pasi, akaipima uzito,
akaisugua kwenye jani la mgomba,
akanirudishia.

Miaka thelathini na minne hiyo.

Nikamuuliza: na asiposhikwa tena, yule H?
Hakujibu upesi. Alitazama koti lake.
Kuna uvimbe, akasema, unaopenda awe macho daima,
unajificha nyuma ya makungwi wake.
Na uzeeni?
Uzeeni anakuwa mzito kuamka.

Basi nikafunga kifuniko, jogoo wa shaba akabana,
nikanyoosha mkono wa kushoto, wa kulia, mgongo.
Karatasi nayo nikaipiga pasi,
nikaikunja mara tatu,
nikairudisha mfukoni.
Mia tano ya kola sikudai.

Leo ni Februari, bati linapasuka kwa jua,
mbwa wa Bi Mwanakheri amelala mtaroni.
Mpita njia ananitazama na makaa yangu:
Mbaruku, joto hili unaliwezaje?

Siliwezi, namwambia.
Kuna watu ndani.